Tafuta Mnunuzi Kwanza: Mwongozo wa Taka za Nyumbani kwa Mkazi wa Nairobi

Watu wengi wakiamua kutenga taka huanza kwa kununua ndoo za rangi. Ya kijani, ya buluu, pengine na ya tatu. Siku za kwanza mambo yanakwenda vizuri, halafu siku ya lori mtu anachungulia dirishani na kuwaona vijana wakizimwaga zote tatu mahali pamoja. Kuanzia hapo ndoo ya buluu inageuka ya kulowekea nguo.

Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza hapo hapo zinapotoka. Ni sheria nzuri, ila haikuja na lori la pili. Kwa sasa kinachookoa chupa isifike Dandora ni mtu mwenye mizani. Akiwepo anayeinunua kwa kilo, itapata njia. Asipokuwepo, rangi ya ndoo haisaidii kitu. Na jaa la Dandora si la kuongezewa mzigo. Lilifunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanapanda pale kila siku, huku maji meusi yanayovuja kwenye taka yakiteremka kuelekea Mto Nairobi.

Basi tuanzie mwisho wa safari, kwa mnunuzi, kisha turudi jikoni.

Hatua ya 1: Wajue wanunuzi wa mtaa wako

Jumamosi moja toka nyumbani mikono mitupu. Karibu kila mtaa, uwe Kayole, Umoja, Kawangware au Githurai, una yadi ya skrepu: uzio wa mabati, mizani ya kuning'inia, rundo la mitungi iliyopasuka. Muulize mwenye yadi ananunua nini, anakataa nini, anataka vitu viwe katika hali gani, na kiasi cha chini anachopokea ni kipi. Swali la pili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu anachokikataa ndicho utakachobaki nacho.

Simama kidogo umwangalie akifanya kazi. Kopo likifika mbele yake anateremsha sumaku iliyofungwa kamba. Ikinasa, hilo ni la chuma na linarushwa kwenye rundo la bei ndogo. Isiponasa ni alumini, kama kopo la soda au la bia, na hilo analiweka karibu na miguu yake. Beseni la plastiki analigonga kwa vidole, kisha anaupinda ukingo. Ukipinda na kurudi, analichukua. Ukivunjika kwa mlio mkavu, anakurudishia bila maelezo. Ukimtazama hivyo kwa muda utajua mambo ambayo chati za kubandika ukutani hazikwambii.

Chukua nambari yake ya simu. Chukua pia ya mtu wa mkokoteni anayepita asubuhi, maana yeye anakuja mlangoni na yadi haiji. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo usimgombeze mtu kwa sababu wiki iliyopita alitoa zaidi. Na usimwite chokoraa. Anafanya kazi ambayo mji mzima unamtegemea kuifanya, tena bila glavu.

Jambo moja kuhusu vyuma: biashara hiyo ina sheria yake ya mwaka 2015, na mnunuzi anatakiwa kuwa na leseni. Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa kutokana na wizi na uharibifu wa miundombinu ya umeme. Kwa hiyo mnunuzi akikuomba kitambulisho unapomletea nyaya au vyuma vizito, usione ni dharau. Shuku zaidi yule asiyeuliza chochote.

Hatua ya 2: Ondoa majimaji

Zaidi ya nusu ya taka za nyumba ya kawaida ni vitu vinavyooza: maganda ya viazi na ndizi, vijiti vya sukuma wiki, majani ya chai, ukoko wa ugali. Hivi ndivyo vinavyoharibu vingine. Gazeti lililomwagikiwa mchuzi halina mnunuzi. Katoni iliyolala chini ya maganda ya tikiti inarudi kuwa uji. Mwaka mzima unaweza kutenga kwa bidii, na majani ya chai ya asubuhi moja yakakuharibia gunia lote.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua ni ndoo ndogo ya hivi vinavyooza, yenye kifuniko kinachobana, ikae chini ya sinki. Majani ya chai yachuje kwanza. Tandika kipande cha gazeti chini kinyonye maji. Visivyooza vyote vinavyotoka jikoni visiguse ndoo hiyo.

Sasa iende wapi? Njia rahisi ni mfugaji. Hata ndani ya Nairobi kuna watu wenye sungura, kuku, mbuzi na nguruwe, na mara nyingi mama mboga wako tayari ana mtu anayemchukulia mabaki ya kibanda. Muulize, umwongezee mzigo. Toa vijiti vya kuchokolea meno, mifupa mikali na vipande vya nailoni, kwa sababu mnyama hachagui. Kama ni nguruwe, usipeleke mabaki yenye nyama ya nguruwe, na mfugaji achemshe chakula hicho kabla ya kulisha. Homa ya nguruwe ya Afrika ipo nchini, na hupita kwenye mabaki ya namna hiyo.

Asiyekuwa na mfugaji karibu atengeneze mboji. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha hata kwa mtu wa gorofa mwenye roshani. Itoboe matundu kitako na ubavuni, uiweke juu ya sahani. Kila unapotia maganda, funika kwa kitu kikavu: vumbi la mbao kutoka kwa seremala, majani makavu, au trei ya mayai iliyochanwachanwa. Koroga kila wiki. Ikinuka, imelowa kupita kiasi, ongeza vikavu. Ikikauka kama vumbi, nyunyiza maji. Miezi miwili mitatu baadaye utakuwa na udongo mweusi wa kutia kwenye gunia la sukuma wiki. Ukiona funza wanene wenye rangi ya krimu usiimwage ndoo kwa hofu. Huenda ni wa nzi mweusi aliyezoea mabaki, na kuna wafugaji wanaowakuza kwa makusudi ili walishe kuku. Nyama, samaki na mafuta usitie humo, labda unataka kujulikana na panya wote wa ploti.

Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa yaache yapoe, yatie kwenye chupa, umpe anayetengeneza sabuni. Ukiyamwaga kwenye sinki yataganda ndani ya bomba, na fundi atakuja kukutoza kwa kukuonyesha kile ulichokimwaga mwenyewe.

Hatua ya 3: Gunia la vikavu

Majimaji yakishaondoka, kazi iliyobaki ni nyepesi. Gunia moja linatosha kuanzia; kugawanya zaidi utafanya siku ya kuuza.

Plastiki ndiyo inayowachanganya watu. Geuza chombo uangalie kitako: kuna pembetatu yenye nambari ndani. Nambari 1 ni chupa za maji na soda. Nambari 2 ni mitungi, chupa za sabuni na za mafuta ya kujipaka. Nambari 5 ni ndoo, beseni na vikopo vingi vya mtindi. Hizi tatu kwa kawaida zina soko. Nambari 4 ni nailoni laini, kama pakiti nyingi za maziwa. Baadhi ya yadi huichukua ikiwa safi na nyingi, nyingine hukataa. Nambari 3, 6 na 7 usizitegemee mpaka mnunuzi wako aseme mwenyewe.

Suuza kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Hakuna sababu ya kutumia maji safi kwenye chupa ya ketchup katika mji ambao maji huja kwa zamu. Kisha ikanyage ilale bapa, kwa sababu gunia la hewa halina uzito na mnunuzi analipa uzito. Vifuniko muulize: wengine wanavitaka kando, kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine na chupa yenyewe. Chupa isiyo na rangi hupendwa kuliko ya kahawia au kijani.

Ukijiuliza zinaishia wapi, baadhi ya plastiki inayookotwa Nairobi hununuliwa na kampuni kama Mr Green Africa, ambayo huisaga na kuifanya malighafi ya viwanda. Gjenge Makers, iliyoanzishwa na Nzambi Matee, huchanganya plastiki na mchanga na kufinyanga matofali ya kutandaza njiani. Ocean Sole huchonga sanamu za wanyama kutokana na malapa yaliyookotwa.

Pakiti za krispi, za biskuti na vifuko vidogo vya sabuni na viungo ni habari nyingine. Zimetengenezwa kwa tabaka za vitu tofauti zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni ghali kuliko thamani yake. Hapo suluhisho liko dukani. Nunua pakiti kubwa moja badala ya ndogo kumi, na maziwa kachukue kwa ATM ya maziwa na chombo chako. Pakiti za maziwa ambazo tayari unazo, toboa kitako upande miche.

Na ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, tuliyoanza kubebea vitu baada ya mifuko ya nailoni kupigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, nayo ni plastiki. Ni nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa pamoja. Itumie mpaka ichanike, usiihesabu kama pamba.

Karatasi ni rahisi mradi iwe kavu. Katoni zifungue zilale bapa, uzifunge kwa kamba. Vitabu vya shule vilivyokwisha, magazeti na makaratasi ya ofisini hununuliwa na kupelekwa viwandani. Chandaria Industries, kwa mfano, hutengeneza karatasi za choo kwa kutumia karatasi zilizotumika. Risiti zile laini za supamaketi usizichanganye humo, zina kemikali. Taarifa za benki na za hospitali zichane sehemu yenye jina na nambari kabla hazijatoka nyumbani. Trei za mayai mrudishie anayekuuzia mayai; atafurahi.

Chupa za glasi za soda na bia zenye amana zirudishe dukani, hiyo ni pesa yako. Za divai na jemu zina soko dogo kwa sababu ni nzito na rahisi kununua mpya, kwa hiyo zitumie nyumbani kadiri uwezavyo. Kitengela kuna karakana inayoyeyusha glasi kuukuu na kuifanya vyombo na mapambo. Chupa za pombe kali zichune lebo na uzitenge na vifuniko vyake kabla ya kuziachilia. Chupa nzima yenye lebo safi inatafutwa sana na wanaojaza pombe bandia, na hutaki chupa iliyotoka sebuleni kwako imrudie mtu ikiwa na sumu.

Glasi iliyovunjika na nyembe usizitupe hivi hivi. Tia kwenye kopo la maziwa ya unga, funga kwa selotepu, andika "VIGAE" kwa maandishi makubwa. Kuna mtu atakayeingiza mkono humo.

Vyuma havihitaji maelezo mengi. Sufuria zilizotoboka, misumari, makopo, mabati: vyote vina mnunuzi, na mafundi wa Kamukunji wamekuwa wakigeuza mapipa kuwa majiko na masanduku tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Hatua ya 4: Vitu vya umeme

Kabla ya kukitupa, kipeleke kwa fundi. Redio, pasi na blenda nyingi zinazotupwa zina waya uliokatika tu, na barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, haikosi mtu wa kuziangalia. Fundi akikwambia kimekufa, hapo ndipo uanze kufikiria mazishi.

Simu na kompyuta zisafishe kwanza. Hamisha picha na mawasiliano, ondoka kwenye akaunti zako zote, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha uirudishe simu ilivyotoka kiwandani. Kufuta meseji moja moja hakutoshi. Simu yenye kioo kilichokufa lakini yenye ubao mzima bado inaweza kusomwa na mtu mwenye nia mbaya, na ndani yake kuna mazungumzo, picha za kitambulisho na shughuli za M-Pesa.

Kisha peleka kwa wanaozivunja kitaalamu. WEEE Centre iliyoko Utawala imekuwa ikipokea taka za kielektroniki tangu mwaka 2012: simu, kompyuta, chaja, televisheni, printa, nyaya. Piga simu kwanza uulize wanapokea nini na kama kuna kituo cha kukusanyia karibu nawe. Usikubali nyaya zako zichomwe ili shaba itoke. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni kijana anayechoma, wa pili ni watoto wa jirani.

Friji haifai kuuzwa kwa mtu anayeanza kwa kukata mabomba. Ndani ya friji nyingi kuna gesi inayopasha joto hewa ya dunia, na ya zile kuukuu hudhuru tabaka la ozoni. Fundi wa friji mwenye vifaa huinyonya kwanza na kuihifadhi. Mwulize kama anacho chombo cha kuinyonyea. Akicheka, tafuta mwingine.

Betri nyingi za gari na za sola zina madini ya risasi na asidi. Zirudishe dukani unaponunua mpya. Mara nyingi utapunguziwa bei. Usimwage maji yake na usimwachie mtu azipasue uani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza risasi katika makazi ya watu, ikaingia hadi kwenye damu ya watoto, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Phyllis Omido, aliyeanza kupiga kelele baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alipata Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015.

Betri ndogo za rimoti na tochi ziweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko, ukizipeleka pamoja na taka za elektroniki. Zile za umbo la kifungo ziwe mbali na watoto. Ikimezwa inachoma koo. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuibana. Iweke kwenye kopo lenye mchanga, mbali na jiko, uipeleke upesi.

Hatua ya 5: Vile visivyo na mnunuzi

Dawa zilizopita muda uliza duka la dawa au hospitali kama wanazipokea. Wasipopokea, zitoe kwenye pakiti, uzichanganye na majani ya chai yaliyotumika au udongo ili mtu asivutiwe kuziokota, ufunge kwenye chombo, uchane jina lako kwenye lebo, ndipo zitoke. Usizimwage chooni, hasa antibiotiki. Sindano za kisukari zikae kwenye chupa ngumu ya plastiki, ikijaa uirudishe kliniki.

Taa za mrija za fluoresenti na balbu zile za mrija uliojisokota zina zebaki kidogo. Ikivunjika, fungua madirisha, watoto watoke, okota vipande kwa karatasi ngumu wala usifagie. Nzima ifungwe kwenye boksi lake iende na taka za elektroniki.

Mtungi wa gesi ni wa kurudishwa kwa muuzaji, kamwe si wa yadi. Makopo ya dawa ya mbu yaishe kabisa, na hata yakiisha yasitobolewe wala kutupwa motoni.

Pampasi na sodo sijapata njia yake zaidi ya kuzikunja, kuzifunga vizuri na kuziacha ziende na lori. Choo si mahali pake, wala mto.

Nguo ni rahisi zaidi. Inayovalika mpe anayeivaa, tena ikiwa imefuliwa. Isiyovalika ikate vipande, utoe vifungo na zipu, upeleke gereji. Mafundi wa magari hawatosheki na matambara.

Hatua ya 6: Ploti nzima

Nyumba moja inajaza gunia polepole, na mnunuzi hapendi kupanda gorofa ya nne kwa kilo moja na nusu. Nyumba kumi ni mzigo. Anza na keateka. Mwambie pesa atakayopata kwa vikavu ni yake, yote, bila hesabu ya wapangaji. Najua kuna ploti zinazotaka kugawana au kuweka kwenye chama; nimeona zikigombana kwa shilingi mia mbili hadi mradi ukafa. Mpe mwenye kazi.

Anza na chupa pekee. Gunia moja chini ya ngazi, pasiponyeshewa, na ujumbe mfupi kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji: "Chupa za plastiki, zimesuuzwa, zimekanyagwa, hapa." Zikishazoeleka ongeza katoni. Anayetupa pampasi humo asiaibishwe kikundini. Mwenye kumjua akamwambie mlangoni kwake, kwa heshima.

Zungumzeni pia na vijana wa lori. Wengi wao huchambua taka njiani na hiyo ni sehemu ya riziki yao, kwa hiyo wakisikia ploti imeanza kuuza vikavu wanaweza kuona wamepokonywa. Mkubaliane mapema: vyuma na katoni kwa keateka, chupa kwao, au vyovyote itakavyowafaa. Wakiwa na sehemu yao hawatamwaga gunia lako pamoja na maganda.

Jipangeni hasa kabla ya mvua za Machi hadi Mei. Barabara za kuingilia Dandora zikigeuka matope malori hukwama, na zamu ya kuzoa taka inaweza kuruka. Gunia la vikavu linaweza kungoja hata mwezi. Ndoo ya maganda haiwezi, kwa hiyo Februari ndiyo wakati wa kuthibitisha na mfugaji kwamba bado anachukua, na wa kuomba seremala mfuko wa ziada wa vumbi la mbao, ukauweke ndani ungali mkavu.